Nywele za Kaswera kwenye Barabara ya Mpofi

Habari ya kifo cha mdogo wangu Kaswera ilinifikia kwa simu, ndani ya kundi lake mwenyewe la WhatsApp, na kwa muda mrefu hakuna mtu aliyeijibu.

Nilikuwa nyumbani kwangu Mushaki, nimekaa mlangoni nachambua maharagwe. Simu ikalia. Ulikuwa ujumbe wa sauti wa Adelaïde, jirani na rafiki wa Kaswera huko Kashuga. "Ba mama, ba dada wa barza," alisema, "Kaswera yetu… homa imemushinda. Tulitafuta njia ya kumufikisha hospitali, barabara imefungwa tangu jana ju ya bunduki na masasi. Kaswera yetu…" Halafu kilio, halafu sauti ikakatika.

Nikasubiri. Kundi lile lilikuwa na watu zaidi ya mia moja, wanawake na vijana wa kutoka Goma mpaka Walikale, watu ambao kwa kawaida hawawezi kunyamaza hata wakati wa misa. Hakuna aliyeandika neno. Nikaanza kufikiri kwamba nimesikia vibaya, kwamba homa imemshinda lakini bado anapumua. Nikasikiliza tena, na tena. Mwishowe akaandika Mama Muhawenimana, mkulima wa milima ya Masisi, mwanamke mwema ambaye hajawahi kuvunja sheria yoyote: "Adelaïde, maliza basi, tunakungojea."

Hapo nikaelewa kwamba nilikuwa nimesikia vizuri. Adelaïde hakusema "nimemaliza", na sheria ya Kaswera ilikuwa kwamba mtu hajibiwi mpaka aseme hivyo. Nilitupa simu katika maharagwe nikapiga kelele mpaka majirani wakaja.

Huku kwetu, watu wa makabila mbalimbali wakigombana huitwa kwenye barza. Wanakaa, na aliyepewa neno hakatizwi, hata akisema uongo, mpaka atangaze kwamba amemaliza. Kaswera alichukua desturi hiyo akaiingiza katika simu. Kundi lake aliliita Barza ya Nywele. Walikuwamo Wanande kama sisi, Wahunde, Wanyanga, Wahutu, Watutsi. Juu ya mashamba watu hao wasingekaa pamoja hata kwa kuombwa na askofu. Juu ya nywele walikaa.

Alianza hivi. Baba yetu, Papa Bienvenu, alitoka upande wa Butembo akiwa kijana, akafungua duka Mpofi, la chumvi, sabuni na vitenge. Tulikulia nyuma ya meza yake. Shuleni tulinyolewa wasichana wote, na mkuu wa nidhamu alipitisha kidole kichwani kuona kama kuna kilichoota. Mimi nilipomaliza masomo nilikimbilia dawa ya kulainisha nywele kama wenzangu, nikaungua ngozi ya kichwa kama wenzangu, nikasema asante. Kaswera alikwenda kufundisha darasa la tatu la msingi Kashuga, ambako watu waliokimbia vita walikuwa wamejenga vibanda vyao hadi karibu na uwanja wa shule. Kisha mapigano yakafunga barabara. Chumvi haikufika, wala dawa ya nywele. Wanawake wakaanza kujifunga vitambaa kwa aibu, nywele zao zinaota chini yake kama magugu ambayo mtu hataki mgeni ayaone. Kaswera alikwenda darasani kichwa wazi.

"Madame, dawa haikuya?" walimuuliza.

"Dawa haikuya," alijibu, "lakini nywele imekuya."

Alizisokota, zikashikana, akaziacha. Baada ya miaka zilimfika mabegani, nyeusi, nzito, safi. Alizifua kwa maji ya mvua na majani ambayo bibi mmoja wa kambini alimwonyesha. Jumapili baada ya misa alikaa uani kwa Adelaïde akisuka wanawake wa kambi kwa uzi mweusi, namna ya bibi zetu.

Shida ni kwamba huku kwetu, miaka ile, rasta ilikuwa na maana yake. Vijana wanaoshuka kutoka porini na bunduki huja na nywele ndefu ambazo hazijapita kitana. Kwa hiyo mwalimu wa darasa la tatu akipita sokoni na kichwa kile, watu hawakuona mwalimu.

"Eh, Madame! Bwana yako iko kikosi gani?" muuza samaki alimpigia kelele siku moja, nami nikiwapo.

"Bwana yangu ni darasa la tatu," Kaswera akasema bila kusimama. "Iko na batoto makumi sita na haina bunduki hata moja. Nipe samaki ya sambaza, na usinipunguzie."

Soko lote lilicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu niliona mkono wake ulivyoshika kikapu. Kila alipokuja mkaguzi, mwalimu mkuu alimwomba afunge kitambaa. Katika kwaya walimwondoa safu ya mbele, yeye mwenye sauti ya kwanza, wakamweka nyuma ya wanaume, mahali ambapo hakuonekana. Wakamwambia ni mpangilio wa sauti tu. Alikubali. Aliimba nyuma ya wanaume mpaka mwisho, na ile safu ya mbele ilikuwa inaanza wimbo vibaya kila Jumapili.

Ndiyo maana akaanzisha barza. Hakutaka kundi la kusifiana. Aliingiza watu wanaopenda nywele za asili na watu wasiozipenda, na wa pili walikuwa wengi zaidi. Kijana mmoja wa Goma, Cyusa, fundi wa simu, aliandika siku yake ya kwanza: "Mwanamuke mwenye rasta anafanana na mukeka ya zamani. Nimemaliza."

Tulingoja tuone atafukuzwa vipi. Kaswera akaandika: "Kaka Cyusa, asanti kwa kumaliza. Mukeka ya zamani njo ile batu balilalia miaka mingi bila kulalamika. Lakini hapa hatutupi mawe ku kichwa ya mutu, tunauliza. Unataka kujua nini? Nimemaliza."

Akauliza zinafuliwa namna gani. Walizungumza mpaka betri za simu zikaisha moto. Mama Muhawenimana akasimulia kwamba mume wake amemwambia akiacha dawa ataona aibu kwenda naye harusini. Mwingine akasema yeye hataki kabisa nywele za asili, zinamkumbusha miaka ya kukimbia. Hakutukanwa. Kaswera alimwandikia: "Dada, hiyo nayo ni neno la kweli." Mimi nilikuwa nikisoma tu, kila jioni, na nilijivunia, ingawa kichwani mwangu bado kulikuwa na dawa.

Sasa yeye amekufa, nami niko juu ya pikipiki kwenda Kashuga, na sehemu nyingine kwa miguu kwa sababu daraja la upande wa Mushaki lilikuwa limevunjwa. Nilisali njia yote. Sikumwuliza Mungu kwa nini. Nilimwomba tu nimkute hajazikwa.

Nilimkuta. Wanawake walikuwa wamemwogesha, amelazwa juu ya kitanda chake, amevaa kitenge cha kanisani chenye picha ya Ekaristi. Karibu na kichwa alikuwa amekaa shangazi yetu Céline, dada ya baba, aliyetulea baada ya mama kufariki. Shangazi anauza vitambaa na nywele za bandia sokoni Kashuga. Mkononi alishika mkasi wa dukani. Adelaïde alisimama upande wa pili wa kitanda kama mtu anayelinda mlango.

"Umefika vizuri," Shangazi alisema. "Nywele hii inatoka."

"Haitoki, Shangazi."

"Keti, Jeannette. Nisikilize. Kesho tunamupeleka Mpofi ku kaburi ya baba yake, barabara ya kule haijafungwa. Kuko barrière ya baaskari njiani, nawe unajua banafunguaga kila sanduku, ju kuko batu balipitisha silaha mu sanduku ya maiti. Bakiona kichwa hii, batasema tumebeba mutu ya pori. Papa Hilaire anatusaidia na gari yake. Vijana banne batabeba. Bao bafungwe ju ya rasta ya mutoto wetu?"

Ingekuwa rahisi kama angekuwa mjinga. Shangazi alikuwa akilia huku akisema. Halafu akaongeza, kwa sauti ndogo, "Na hata bila barrière. Sikumulea aende mbele ya Mungu hajachana."

"Alikuwa anazitunza kuliko vile miye na weye tunatunza zetu," Adelaïde akasema.

"Weye nyamaza. Weye njo ulimutia moyo."

Wangegombana juu ya maiti. Adelaïde akaniambia, kama mtu anayemwita dada yake mkubwa, "Yaya, tuulize barza. Yeye mwenyewe angeuliza." Shangazi akauweka mkasi chini. "Ulizeni," alisema. "Miye nitangojea."

Rezo ya simu Kashuga haifiki mabondeni. Nilipanda kilima nyuma ya kambi, mahali ambapo watu husimama kama kuku wakati wa mvua, mkono mmoja juu. Nikaandika kila kitu: mwili, mkasi, kizuizi cha barabarani, gari la asubuhi. Nikaomba: nifanye nini? Nikaandika nimemaliza.

Wakaanza. Mungu anisamehe kwa kulisema hili, kwa maana walikuwa watu wenye heshima, na kila mmoja alikuwa na uchungu wa kweli. Kila mmoja alitoa pole kwanza, ndefu, pamoja na sala. Kisha akatoa neno lake, kisha akasema amemaliza, kisha anayefuata akatoa pole. Mama mmoja wa Goma aliandika maneno mazuri sana juu ya mwanamke mweusi na kichwa ambacho Mungu alimpa. Mwingine akasema usalama wa walio hai ni kwanza, na marehemu alipenda watu kuliko nywele. Wa tatu akamshukuru wa kwanza na wa pili. Mvua ikaanza. Betri ikawa nyekundu. Hakuna aliyemkatiza mwenzake, hakuna aliyetukana, na hakuna aliyenisaidia. Chini ya kilima kulikuwa na chumba kimoja, mkasi mmoja, na mwanamke mzee ambaye hana simu ya namna ile. Nilisimama pale nikauchukia utaratibu ule ambao niliupenda miaka yote.

Cyusa ndiye aliyeandika mwisho kabla simu haijazima: "Sisi tunaongea ku Goma, barrière iko kule. Yaya Jeannette aamue. Nimemaliza."

Niliamua nikishuka: hazikatwi. Nikifika nitamwambia Shangazi kwamba kama ni kufungwa, nifungwe mimi.

Nilipoingia, Kaswera hakuwapo. Nasema hivyo kwa sababu mtu aliyelala kitandani sikumfahamu. Shangazi alikuwa amezikusanya nywele zake zote juu, akazibana, akamvisha juu yake perike ya nywele za bandia, ile nzuri kuliko zote dukani, ndefu na iliyonyooka kama mkia wa farasi. Kwa kuwa chini yake kulikuwa na rundo la rasta, ilisimama juu kama kikapu.

"Sikukata," Shangazi alisema kabla sijafungua mdomo. "Ulisema haitoki. Basi, haitoki. Lakini haitaonekana."

"Alinishinda nguvu," Adelaïde alisema kutoka kona, amejifunika uso.

"Shangazi, huyu si Kaswera."

"Huyu njo Kaswera vile angekuwa kama angenisikia. Anapendeza. Angalia."

Niliangalia. Nilitaka kuivuta ile perike na kuitupa nje kwenye tope. Lakini chumba kilikuwa kimejaa mama wa kambi wanaosali rozari, na Shangazi alikuwa mzee. Nikapiga magoti nikashika miguu ya mdogo wangu, maana miguu walau ilikuwa yake.

Asubuhi tuliondoka. Papa Hilaire, mfanyabiashara wa Butembo aliyemfahamu baba, alitupa nafasi nyuma ya gari lake kati ya magunia. Sanduku lilifungwa kwa kamba tu, bila misumari, maana kila mtu alijua litafunguliwa.

Lilifunguliwa. Kizuizi kilikuwa mti uliolazwa juu ya mapipa mawili, na askari kadhaa wamejikinga mvua chini ya hema. Mkubwa wao alikuja anatafuna muhogo.

"Muko mnabeba nani?"

"Mwalimu wa Kashuga," Papa Hilaire akajibu. "Homa."

"Fungueni."

Aliinama akaangalia muda mrefu. Kisha akaacha kutafuna.

"Kichwa yake iko mukubwa hivi ju ya nini?"

Akainama tena, karibu zaidi.

"Miye nimeona maiti mingi. Maiti inapunguka, haivimbe ku kichwa. Munaficha nini mu perike?"

"Hakuna kitu, baba," Shangazi alisema. "Ni kumupendezesha tu, kama bibi harusi."

"Hakuna kitu na imesimama hivi? Ni masasi? Ni dhahabu ya mutu?" Akageuka kwa wenzake. "Banaume bote chini!"

Papa Hilaire na vijana wanne wakakalishwa kwenye tope, mikono kichwani. Kijana mmoja alianza kulia. Hili ndilo jambo Shangazi aliloogopa usiku mzima, na lilikuwa limeletwa na mikono yake.

"Toa hiyo kitu," askari akamwambia.

Shangazi hakuweza. Alinyosha mkono, ukarudi. Nikapanda juu ya gari nikamvua mdogo wangu ile perike. Nywele zake zikaanguka mabegani kwa uzito wao wa kawaida, na Kaswera akarudi. Yule askari akaweka bunduki mgongoni, akazishika, akazibonyeza moja moja kwa vidole, kutoka shina hadi ncha, kama mtu anayetafuta jiwe katika mchele. Sijawahi kumchukia mtu namna ile. Niliuma ulimi wangu nikasali Baba Yetu, nikakwama katikati, kwenye kusamehe.

"Ni nywele," alisema.

"Ni nywele yake," nikasema.

"Chef, hiyo ni rasta," mwingine akasema kutoka hemani. "Ni ya bale ba pori."

"Alikuwa anafundisha darasa la tatu," nikasema. "Uliza mutoto yeyote wa Kashuga."

Mkubwa wao alimwangalia mwenzake, akatuangalia sisi, akaangalia mvua. Sidhani aliamini. Nadhani alichoka. "Amekufa," alisema. "Hata angekuwa wa pori, sasa ataenda kupigana wapi? Lakini nyinyi, mama! Kama mungemuacha vile alikuwa, mungepita zamani. Munaficha nywele ya mutu, tunafikiri munaficha kitu." Akanyosha mkono. "Na hii perike inabaki."

"Hiyo ni ya marehemu," Shangazi akalia.

"Marehemu iko na yake. Bibi yangu njo hana."

Akaiweka begani, na kule hemani wakapiga mluzi. Tukaruhusiwa kupita.

Papa Hilaire aliendesha gari akiwa amejaa tope mpaka kifuani. Tulipokaribia Mpofi, Shangazi akafungua kitambaa cha kichwani mwake, na nikajua anataka kukifanya nini.

"Shangazi, acha."

"Batu ba Mpofi batamuona hivi. Ni batu balionunua chumvi kwa kaka yangu."

"Acha. Nakuomba."

Alikishika magotini, kichwa chake chenye mvi kiko wazi kwa mvua, mpaka gari likasimama.

Kanisani alikuja nusu ya kijiji. Padri hakuweza kufika, kwa hiyo aliongoza katekista, Papa Jean-Marie, mtu aliyenifundisha sala nikiwa mdogo. Sanduku lilikuwa wazi mbele ya altare. Niliona watu wakipita, wakisogea, wakikonyezana. Mama mmoja alimshika mwanawe akamgeuza uso. Hakuna aliyesema habari ya watoto wa kambi waliojua kusoma kwa ajili yake.

"Ndugu zangu," Papa Jean-Marie alisema, "tusihukumu. Mungu wetu hatazami ya nje. Hatatazama kichwa hiki. Atatazama roho."

Alisema kwa wema, najua. Watu wakaitikia Amina. Na mimi, baada ya kilima, mvua, mkasi, perike na vidole vya askari, sikuweza tena.

"Papa Jean-Marie, samahani," nikasema nikiwa nimesimama. "Mungu akitazame kichwa hiki. Ni yeye aliyekiumba. Hakuna kitu hapa cha kusamehewa."

Kanisa likanung'unika. Mzee mmoja akasema, "Mwanamuke, huku ni kanisani." Shangazi akanivuta sketi. "Keti, mutoto. Keti, nakuomba." Papa Jean-Marie alifunga kitabu, akakifungua tena, akaendelea na sala pale alipofikia. Mpaka leo hajanijibu.

Kabla ya kufunga sanduku, familia iliitwa kuaga. Nilimbusu paji la uso. Adelaïde alimwekea rozari. Shangazi alikuja mwisho. Nywele zilikuwa zimetawanyika tangu barabarani, nyingine zimekunjamana chini ya shingo. Alisimama, akashusha pumzi kwa hasira, akaingiza mikono yake yote miwili akazitoa, akazipanga, nusu bega la kulia na nusu bega la kushoto. "Walau zikae sawa," alisema. Sikumshukuru.

Vijana wakapiga misumari. Tulimbeba mpaka nyuma ya lile lililokuwa duka la baba, mahali alipozikwa. Shimo lilikuwa na maji kidogo, wakayateka kwa bakuli. Walimshusha kwa kamba. Papa Jean-Marie alinyunyiza maji ya baraka. Tuliimba wimbo mmoja, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa na sauti ya kwanza nzuri, tuliimba chini. Mimi nilitupa udongo, Shangazi akatupa, Adelaïde akatupa, na watu wengine. Vijana walijaza kwa majembe, wakasimika msalaba wa mbao wenye jina lake. Tulisali Salamu Maria. Kisha Papa Hilaire akasema barabara itafungwa, tukapanda gari tukarudi.